Utawala wa Matumbo

Mwaka 1037, katika mji wa Hamadan nchini Uajemi, alifariki dunia Abu Ali Ibn Sina, tabibu ambaye kitabu chake cha Kanuni ya Tiba kilisomwa na waganga wa mashariki na magharibi kwa karne nyingi baada yake. Na maradhi yaliyomwondoa yalikuwa kulanji, yaani msokoto mkali wa tumbo, maradhi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyaandikia risala. Mwanafunzi wake Juzjani, aliyeishi naye miaka mingi na kuandika habari za maisha yake, ametuhadithia kwamba bwana wake, akiwa katika msafara wa vita wa amiri wake na akichelea kuachwa nyuma kwa ugonjwa, alijipiga bomba la dawa mara nane kwa siku moja ili apone upesi, hata matumbo yakachubuka na kuingia vidonda. Kisa hiki hunihuzunisha kila nikikumbukapo, kwa kuwa mtu huyu aliyewapita watu wa zama zake kwa ilimu alilitendea tumbo lake kama atendewavyo mtumwa aliyegoma, akalikaripia na kulilazimisha, ilhali tumbo halikuwa mtumwa. Lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilikuwa bado haijasomwa na mtu.

Lugha yetu imeistahi mno kazi hii ya mwili. Mtu hataji atendalo, bali husema anakwenda haja, anakwenda msalani, anakwenda kujisaidia. Na watoto hufunzwa tangu wadogo kwamba jambo hili lina wakati wake, mahali pake na ukimya wake. Lakini ndani ya staha hiyo mna hekima, kwani haja ni hitaji, na mwenye haja huinuka kama mtu aliyeitwa, wala si kama mtu aliyeita. Yeye hakuuamuru utumbo usukume. Ameletewa habari kwamba umekwisha sukuma, na lililobaki mkononi mwake ni kukubali au kuomba muhula. Basi ni nani amwitaye? Ni nani aliyekipitisha chakula cha jana gizani, katika njia yenye urefu wa mita kadhaa, pasipo mwenye tumbo kujua wala kuulizwa, hata kikafika mlangoni? Swali hili, ambalo wengi wameona haya hata kulitamka, liliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Na jawabu lake limeokoa watoto waliokuwa wakifa, na kuwarudishia heshima watu wazima waliokuwa wamekata tamaa.

Kwa muda mrefu jawabu lilidhaniwa kuwa jepesi: ubongo ni sultani wa mwili, mishipa ya fahamu ni matarishi wake, na kila kiungo hungojea amri. Hata hivyo mchinjaji yeyote wa mbuzi alikuwa amekwisha ona jambo lisilopatana na dhana hiyo, yaani matumbo yaliyotolewa tumboni na kuwekwa katika ungo, hayana tena uhusiano na kichwa wala mgongo, na bado yanafurukuta na kujikunja kama yanayotafuta njia. Mwaka 1857 Mjerumani Eduard Pflüger aliongeza ajabu juu ya ajabu. Alipoitia umeme mishipa ya fahamu ishukayo kutoka mgongoni kwenda matumboni, akitazamia kuona matumbo yakichapuka, yalitulia. Amri iliyotoka juu haikuwa amri ya kwenda, bali ya kusimama. Na kama amri ya sultani ni kusimamisha tu, basi yuko mwingine aliyekuwa akiendesha.

Makazi ya huyo mwingine yalionekana katika miaka ileile, chini ya darubini. Ukuta wa utumbo si ngozi moja, bali ni tabaka juu ya tabaka: ndani kabisa ni utando laini ugusanao na chakula, nje yake ni msuli uliozunguka kama pete, na nje ya huo ni msuli mwingine uliolala kwa urefu. Georg Meissner mwaka 1857 alieleza mtandao wa fahamu uliotandazwa chini ya ule utando wa ndani. Na Leopold Auerbach, tabibu wa mji wa Breslau, katika miaka ya 1860 alieleza mtandao mwingine mkubwa zaidi, uliofichika baina ya ile misuli miwili. Yaliyoonekana yalifanana na wavu wa mvuvi uliovishwa utumbo mzima, na katika kila fundo la wavu mlikuwa na kikundi cha seli za fahamu, za jamaa moja na seli za ubongo. Leo hukisiwa kwamba seli hizo kwa mwanadamu mmoja zafikia mamia ya milioni. Auerbach aliuona mji, akauchora mitaa yake, na jina lake likabaki juu ya mtandao huo hata sasa. Lakini mji huo ulikuwa unafanya kazi gani, darubini haikuweza kusema.

Waliousemesha ni Waingereza wawili wa University College, London, William Bayliss na Ernest Starling, marafiki waliokuwa pia mashemeji, kwani Bayliss alimwoa dada yake Starling mwaka 1893. Katika makala waliyoitoa mwaka 1899 walieleza namna walivyomlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata mishipa yote ya fahamu iunganishayo matumbo na ubongo na mgongo, kisha wakatia ndani ya utumbo vifuko vidogo vya mpira vilivyounganishwa na kalamu, na kalamu ikaandika kila mkazo na kila mlegeo juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Huo ulikuwa mji uliotengwa na sultani wake kabisa. Walipoubinya utumbo mahali pamoja, au walipotia ndani yake tonge moja, kalamu iliandika mambo mawili kwa wakati mmoja: juu ya tonge utumbo ulikaza, na chini ya tonge utumbo ulilegea. Nyuma mkono unasukuma, mbele mlango unafunguliwa, na tonge halina budi kusogea. Likisha sogea, mahali papya pananyooshwa na jambo lilelile laanza upya, hatua kwa hatua, kuelekea upande mmoja tu. Ili kuhakikisha kwamba kazi hii ni ya fahamu wala si ya nyama tupu, walitumia kokeini na nikotini, dawa ziwezazo kuiziba fahamu. Misuli iliendelea kutetemeka kwa mapigo yake yenyewe, lakini ule utaratibu wa kukaza nyuma na kulegeza mbele ulitoweka. Hiyo ndiyo waliyoiita sheria ya utumbo, na kwa maoni yangu haijapata kuandikwa sheria fupi kuliko hiyo iliyo na kazi kubwa kama hiyo.

Katika mwaka 1917, vita vikuu vikiendelea, Mjerumani Paul Trendelenburg aliivusha hoja hii hatua moja mbele. Alichukua kipande cha utumbo wa simbilisi, akakitoa nje ya mnyama kabisa, akakitundika katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na kukijaza taratibu. Maji yalipofikia kiasi fulani cha kuunyoosha ukuta, wimbi lilianza upande wa juu, likashuka na kuyamwaga nje. Hapakuwa na mnyama, hapakuwa na ubongo, hapakuwa na njaa wala shibe. Palikuwa na kipande cha utumbo tu, nacho kilijua juu ni wapi na chini ni wapi. Na mwaka 1921 John Langley wa Cambridge, mtu aliyetumia maisha yake kuichora mishipa ya fahamu isiyotii hiari yetu, aliandika kwamba mishipa hiyo isihesabiwe kuwa mafungu mawili tu, lile la kuchapusha na lile la kutuliza, bali matatu, na la tatu ni mfumo wa fahamu wa matumbo wenyewe. Maneno yake yalisomwa, kisha kwa miaka mingi wengi wakayasahau.

Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu kuufahamu utawala wa namna hii. Sultani wa Unguja alikuwa na maliwali wake Mombasa, Malindi na Lamu. Na liwali hakumwandikia Sultani barua kila samaki alipouzwa sokoni au kila jahazi lilipotia nanga, bali aliyahukumu ya kila siku kwa uwezo wake mwenyewe, na barua ya Sultani ilipofika ilihusu jambo kubwa. Ndivyo ulivyo ubongo kwa matumbo. Barua za huyo mkubwa mara nyingi ni za hofu na ghadhabu, kama alivyoshuhudia Walter Cannon wa Harvard, ambaye tangu mwaka 1896, akiwa bado mwanafunzi wa tiba na miali ya Röntgen, yaani eksirei, ikiwa ugunduzi mpya, aliwalisha wanyama chakula kilichochanganywa na bismathi ili kionekane katika miali hiyo. Paka mmoja aliyekuwa na watoto alitulia, na tumbo lake likaonekana likipiga mawimbi kwa utaratibu. Ghafla akaingiwa na wasiwasi, na mawimbi yakakoma papo hapo, yasirudi mpaka alipopapaswa akaridhika na kuanza kukoroma. Mtu ambaye tumbo lake limefunga siku za msiba, au limeharibika usiku wa kuamkia mtihani, amepata barua ya namna hiyo.

Ila liko jambo moja ambalo liwali hakuachiwa peke yake, nalo ni mlango. Baada ya kifungua kinywa, tumbo lijaapo, utumbo mpana huamka na kusukuma kwa wimbi kubwa vilivyomo ndani yake hata vikaingia katika puru, chumba cha mwisho, ambacho aghalabu huwa kitupu. Ukuta wa puru unaponyooshwa, msuli wa ndani wa mlango hulegea wenyewe, bila ya kuomba ruhusa. Haya aliyaonyesha William Gowers wa London mwaka 1877 kwa wagonjwa waliodhurika uti wa mgongo, kwamba kuijaza puru hewa hulegeza mlango hata kwa mtu asiyehisi wala kuamuru chochote. Kulegea huko huruhusu kidogo cha kilichomo kigusane na ngozi ya mlangoni, yenye hisia kali kiasi cha kupambanua baina ya upepo, maji na kigumu, na habari hupandishwa mgongoni hadi kichwani. Hapo ndipo mwenye mwili anapoitwa. Msuli wa nje wa mlango uko chini ya hiari yake, ukiendeshwa na mishipa itokayo sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Akiona mahali hapafai huukaza, wimbi likapita, na puru ikangoja. Akikubali, huketi, hukaza pumzi kidogo, hulegeza msuli ule, na yaliyosalia hufanywa na wenyeji. Hiari ya mwanadamu katika jambo hili, basi, ni hiari ya bawabu: hafanyi safari, ila hufungua na kufunga. Nao Derek Denny-Brown na Graeme Robertson, waliowachunguza wagonjwa wa London na kutoa habari zao mwaka 1935, waliona kwamba hata pale sehemu ile ya chini ya uti wa mgongo ilipokuwa imeharibika, puru ilipojazwa bado ilijikaza na kujaribu kusukuma. Bawabu amekufa, tarishi amekufa, na liwali bado yu kazini.

Je, liwali mwenyewe asipokuwapo? Jawabu la swali hili liliandikwa katika miili ya watoto wachanga, na ilichukua zaidi ya miaka 60 kulisoma. Mwaka 1886 Harald Hirschsprung, tabibu wa watoto wa Copenhagen, alisimama mbele ya matabibu wenzake mjini Berlin akawahadithia watoto wawili ambao tangu kuzaliwa hawakupata choo ila kwa taabu, matumbo yao yakavimba kama ngoma, na wote wawili wakafa kabla ya kutimiza mwaka. Alipowapasua baada ya kufa aliuona utumbo mpana umetanuka na ukuta wake umenenepa kupita kiasi. Akasema, kama mtu yeyote ambaye angesema kwa kuamini macho yake, kwamba hapo penye utanuzi ndipo penye ugonjwa. Tangu hapo kila aliyejaribu kuutibu ugonjwa huo aliuandama ule utumbo mkubwa. Wengine waliukata na kuuondoa, wengine waliikata mishipa ya fahamu ishukayo kutoka mgongoni wakitumaini kuufungulia, na watoto waliendelea kufa. Mwaka 1901 mtaalamu mmoja alikuwa ameona katika sehemu ya chini ya utumbo wa mtoto kama huyo kwamba seli za Auerbach zilipungua mno, lakini neno lake halikupata msikilizaji.

Aliyeupindua mtazamo ni Orvar Swenson, mzaliwa wa Sweden aliyekuwa mpasuaji kijana katika hospitali ya watoto ya Boston. Alikuwa na watoto ambao walitobolewa tumbo na kufunguliwa njia ya muda ya kutolea choo juu ya sehemu ya mwisho ya utumbo. Watoto hao walinenepa, wakala, wakacheza. Njia ilipofungwa na choo kurejeshwa kupita chini, ugonjwa ulirudi. Basi, alifikiri, kama utumbo mpana uliotanuka ndio mgonjwa, mbona wafanya kazi vizuri unapopewa njia nyingine? Akatia vifuko vya mpira ndani ya utumbo, kama walivyofanya Bayliss na Starling nusu karne kabla yake, na kalamu ikaandika: mawimbi yalishuka vizuri katika sehemu iliyotanuka, yakafika karibu na mwisho, na katika sehemu fupi nyembamba, iliyoonekana kwa macho kuwa nzima kuliko yote, hayakupita. Hapo hapakuwa na seli hata moja ya liwali. Sheria ya utumbo ilikoma mpakani, kwa kuwa hapakuwa na wa kuitekeleza. Pale palipopaswa kulegea palibaki pamekaza usiku na mchana, na utumbo ulio juu yake, ambao watu walikuwa wameuhukumu na kuukata kwa miaka 60, ulikuwa ndio mzima, nao ulikuwa umevimba kwa kusukuma mlango usiofunguka.

Mwaka 1948 Swenson na mwenzake Alexander Bill walitangaza upasuaji mpya: waliikata ile sehemu ndogo iliyoonekana nzima, wakauvuta utumbo wenye fahamu mpaka karibu na mlango na kuushona hapo. Watoto walipata choo kama watoto wengine. Mtoto mmoja katika kila 5,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu, na leo tunajua hata asili yake, kwani wachunguzi wa viini vya kuku, kuanzia miaka ya 1950 hadi kazi maarufu ya Mfaransa Nicole Le Douarin katika miaka ya 1970, walithibitisha kwamba seli za fahamu za matumbo hazizaliwi tumboni. Nyingi huanzia karibu na kisogo cha kiumbe, zikasafiri kushuka na utumbo wote, safari ambayo kwa mwanadamu yaanza wiki ya nne ya mimba na kufika mwisho karibu na wiki ya saba. Zikikomea njiani, mahali zilipokuwa hazijafika hubaki ukiwa. Nani angedhani kwamba afya ya mtu yategemea wahajiri wadogo namna hiyo kumaliza safari yao kabla mama hajajua vizuri kwamba ana mimba?

Na mji wa Breslau, alikofanya kazi Auerbach, ulikuwa na fadhila nyingine katika habari hii. Huko ndiko alikokuwa tabibu Ludwig Guttmann, Myahudi kama Auerbach, mpaka mateso ya utawala wa Hitler yakamkimbiza Uingereza mwaka 1939. Na Februari 1944 alipewa wadi katika hospitali ya Stoke Mandeville, walikoletwa askari waliovunjika uti wa mgongo. Kabla yake watu hao walihesabiwa kuwa maiti wanaongoja. Vidonda vya kulalia na sumu za kibofu viliwaua, na aliyeishi aliishi katika fedheha ya kujichafua kitandani, akiomba asiletewe wageni. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, wafundishwe kazi na michezo, na mwili wao ufuatwe katika kila jambo kwa ratiba. Katika mapokeo hayo ya uuguzi mgonjwa hujifunza kuketi saa ileile kila siku baada ya chakula, utumbo unapoamka kwa desturi yake, na kuigusa puru kwa kidole kilichovishwa mpira ili ijikaze yenyewe. Kwa kuwa hata hiari ikikatika, sheria ya utumbo inabaki, na ajuaye sheria anaweza kupatana nayo. Mtu huyo huvaa nguo safi na kutoka nyumbani. Sijui ushindi wa elimu ya tiba ulio mkubwa kuliko huo.

Wataalamu wa baadaye wameendelea kuisoma lugha ambayo liwali huitumia. Edith Bülbring, mwanamke mzaliwa wa Bonn aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933, alionyesha huko Oxford katika miaka ya 1950 kwamba chakula kinapoukandamiza ukuta wa utumbo, seli za utando wa ndani hutoa kemikali iitwayo serotonini, na serotonini hiyo huuamsha mtandao wa fahamu. Nasi tunajua sasa kwamba zaidi ya tisa katika kumi ya serotonini ya mwili imo matumboni. Naye Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda kwa karibu miaka 20, alitangaza mwaka 1972 pamoja na wenzake kwamba chakula cha wanakijiji wa Uganda kilikuwa kikipita mwilini kwa saa kama 35 ilhali cha mabaharia wa Kiingereza kikikaa zaidi ya saa 80, sababu ikiwa ni makapi ya mimea, ambayo Waingereza walikuwa wameyaondoa katika mkate wao. Tonge lenye makapi hujaa, hunyoosha ukuta, na ukuta ulionyooshwa ndio barua ambayo liwali huisubiri.

Basi mwenye haja ameitwa na nani? Ameitwa na seli zilizosafiri kabla yeye hajawa na sura, zikakaa mahali pao, na tangu siku hiyo hazijalala. Kwao aliyeitwa anadaiwa adabu moja tu, nayo ni kuitika. Asiyeitika leo wala kesho, akaona haya au akajifanya ana shughuli, hufundisha puru kunyamaza, na puru iliyofundishwa kunyamaza ni taabu kuirudisha katika usemi. Na mama ambaye mtoto wake mchanga amemaliza siku mbili bila ya kutoa kile choo cheusi cha kwanza, tumbo likavimba na matapishi yakawa ya kijani, asimnyweshe dawa za kuharisha wala asingoje majirani waondoke ndipo aseme. Ambebe, ampeleke hospitali siku hiyohiyo, na amweleze tabibu kwa maneno yaliyo wazi, maana kwa ugonjwa huo ndivyo walivyopotea wale watoto wawili wa Copenhagen na wengine wengi ambao hawakuandikwa.